Usiku wa kwanza mlimani: Uluguru, Lushoto au Mandara? (Ulinganisho)

Binti wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunaishi Dar na hatujawahi kulala mlimani. Kutembea tumezoea, Jumamosi nyingi tunazunguka msitu wa Pugu tangu asubuhi mpaka mchana, lakini jioni tunarudi kulala nyumbani. Safari hii, kwenye mapumziko ya Nane Nane, tunataka tulale huko huko usiku mmoja, na siku zikiruhusu miwili.

Tumechambua mpaka tumebaki na sehemu tatu. Uluguru, tukapige hema. Lushoto, tutembee vijiji kuelekea Mtae na kulala nyumba za wageni. Au Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, tuishie Mandara, kambi ya kwanza, na kugeuza. Vifaa tulivyonavyo ni raba za mazoezi, mabegi ya mgongoni ya kawaida na shuka moja moja la Kimasai. Hela ipo kidogo, haitoshi kununua kila kitu. Wapi panafaa kwa watu wanaoanza, na nini tununue, nini tukodi, nini tuazime?

Mluguru wa Mjini
Dada, njooni Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inawafikisha hapa chini ya saa mbili, na milima inaanzia pale pale nyumba zinapoishia. Mnapanda hadi Morningside kwenye lile jengo la kale la Wajerumani, mnapiga hema, asubuhi wenye nguvu wanaendelea kuelekea Bondwa, mita 2,120, penye minara ya mawasiliano. Mtu akijisikia vibaya usiku, kukicha mnashuka na saa chache baadaye mko mjini penye hospitali na duka la dawa. Kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza, hilo mimi naliweka mbele ya mandhari yoyote.

Ila niseme na upande wa pili. Nane Nane hapa ni msimu wa maonesho ya wakulima, kwa hiyo vyumba hujaa na tiketi za treni ni za kuwahi. Na hema lazima liwe hema kweli. Uluguru inapokea upepo wa bahari, na miteremko ya mashariki inapata mvua karibu miezi yote, hata mjini kukiwa kukavu. Vile vihema vya kuchezea watoto ufukweni havifai. Tafuteni chenye kifuniko cha pili cha nje kinachofika karibu na ardhi. Zipu iwe imefungwa muda wote, maana siafu hawabishi hodi. Ndani ya hifadhi ya msitu mnahitaji kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na mwongozaji wa hapa hapa.

Msambaa wa Soni
Mluguru kasema vizuri, lakini hebu hesabu mzigo. Hema, mikeka ya kulalia, mabegi ya kulalia, jiko, sufuria, gesi. Watu wawili ambao hawajawahi kubeba hata robo ya hivyo wanaanza na vyote kwa mpigo, tena kwenye mlima wenye mwinuko ule!

Lushoto mnabeba nguo, maji na chakula cha njiani. Basi linawapandisha kutoka Mombo kwa ile barabara ya kona kona, mnalala mjini, kesho yake mnaanza kutembea kupitia msitu wa Magamba. Usiku mnalala kijijini. Rangwi, kwa mfano, masista wanapokea wageni, kuna kitanda na chakula cha moto. Mkiwa na siku ya ziada mnafika Mtae, ukingoni kabisa, mnaitazama nyika ya Mkomazi iko chini yenu. Baridi ya Agosti ipo, msije na vitenge tu, lakini blanketi mtapewa.

Binti wa Tabata
Asanteni sana kaka zangu. Lushoto inanivutia, sema mdogo wangu anasema kulala gesti "siyo kulala mlimani". Nami kwa kweli nataka kuusikia msitu usiku.

Mzee wa Marangu
Karibuni wanangu. Nimebeba mizigo ya wageni nikiwa kijana, baadaye nikaongoza, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Mandara inakaa katikati ya hayo mawili. Lango la Marangu liko kama mita 1,870, Mandara iko mita 2,700 na kidogo. Njia ni kilomita 8 hivi, yote ndani ya msitu, imetengenezwa vizuri na haina mahali pa kukwea kwa mikono. Mnalala kwenye vibanda vya mbao, vitanda vya juu na chini, godoro lipo. Maana yake hema toa, mkeka wa kulalia toa. Mkitaka kusikia msitu mtausikia: perere analia usiku kwa sauti ya kupasuka, anaanza taratibu halafu anapanda. Ni mnyama mdogo tu wa mitini, lakini wageni wengi huuliza kama ni chui. Mwambie mdogo wako mapema.

Asubuhi, kabla ya kushuka, nendeni kasoko ya Maundi, yaani shimo la volkeno ya zamani, haizidi nusu saa kwa mwendo wa pole. Wingu likiwa halijapanda mtaviona vilele vya Kibo na Mawenzi. Njiani mtakutana na mbega na kima.

Gharama yake ni hii: bila mwongozaji mwenye leseni hamruhusiwi kuingia, na vibanda huwekwa nafasi mapema, hamfiki tu langoni mkaomba kitanda. Viingilio vya raia ni tofauti kabisa na vya wageni wa nje, kwa hiyo chukueni vitambulisho vya taifa. Na chupa za maji za plastiki za kutupa haziruhusiwi. Njooni na chupa ngumu za kujazia, lita 2 kila mtu.

Mwalimu wa Jiografia
Shikamoo mzee. Naongeza hesabu mbili ambazo dada atazitumia popote atakapoamua.

Ya kwanza ni muda. Mskoti mmoja, Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 na bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mandara basi: kilomita 8 ni kama saa moja na dakika 36, mita 850 ni kama saa moja na dakika 25. Jumla saa tatu, na hiyo ni kwa mtu aliyezoea, bila kupumzika. Nyinyi wekeni nne na nusu. Mkianza kutembea saa nne asubuhi, mnafika saa nane na nusu mchana, mwanga bado upo mwingi. Mkichelewa langoni hadi saa nane, mtaingia kambini giza likibisha hodi.

Ya pili ni baridi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua karibu nyuzi 6. Toa kwenye usiku wa Agosti wa Dar, mtaona Mandara inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa pwani hajawahi kulala kwenye hali hiyo. Shuka la Kimasai peke yake halitoshi.

Mtembezi wa Nanyuki
Hamjambo majirani. Huku kwetu wanaoanza hupenda kwenda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, walale kambi ya Old Moses, mita 3,300. Mahali pazuri sana, lakini mtu aliyetoka Nairobi asubuhi hiyo hiyo mara nyingi hulala na kichwa kinachogonga, na chakula hakishuki. Nimewaona wengi wakiapa hawatarudi mlimani, na kisa ni urefu wa mahali, wala si uvivu. Dalili za ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Nyinyi mnatoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata Mandara msiibeze. Laleni usiku mmoja Moshi au Marangu kwanza, tembeeni polepole, kunyweni maji.

Kuhusu nguo, acheni jinzi nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki hadi kesho. Valieni suruali nyepesi ya mazoezi. Kwa juu, tabaka tatu: fulana isiyo ya pamba inayogusa mwili, sweta la manyoya mepesi, halafu koti la mvua. Zote hizo utazipata mtumba. Ukitembea vua moja, ukisimama vaa kabla hujaanza kutetemeka.

Fundi Gongo
Kuna njia rahisi ya baridi. Kama mtaenda Uluguru, chukueni jiko dogo la mkaa, mkaa ukishaiva vizuri liingizeni ndani ya hema dakika kumi kabla ya kulala.

Muuguzi wa Zamu
Kaka Gongo, hapana, na dada usilifuate kabisa. Mkaa, hata ulioiva na usio na moshi, unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Mtu anasinzia na haamki, na ndani ya hema inajaa haraka. Jiko lolote, la mkaa au la gesi, linabaki nje, na kibandani pia halina nafasi. Tunapokea watu wa namna hiyo msimu wa baridi kutoka vyumbani, wengine tumechelewa kuwasaidia.

Ukitaka joto usiku, kula cha moto, kunywa chai ya tangawizi, nenda haja kabla ya kulala, kisha jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, ifunge sawasawa, ivishe soksi na uiweke miguuni. Na usilale na nguo ulizotembelea. Zina jasho hata kama unadhani zimekauka. Weka kando fulana, suruali na soksi za kulalia tu, zifunge kwenye nailoni nzito ile inayouzwa kwa mita maduka ya vifaa vya ujenzi, ziwe kavu hata begi likilowa lote.

Sasa miguu, maana hiyo ndiyo inayorudisha watu njiani kuliko kitu kingine. Malengelenge huanza na joto dogo mahali pamoja, kisigino au kidole kidogo. Pale pale simama, vua, bandika plasta, vaa. Wengi wanaona aibu kuwasimamisha wenzao, wanafika na kidonda. Kata kucha siku mbili tatu kabla, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vinasukumwa mbele.

Fundi Gongo
Nimekuelewa dada muuguzi, asante. Nafuta ushauri wangu.

Binti wa Tabata
Asante sana dada. Kuhusu miguu, raba zetu zinatosha au ni lazima buti?

Msambaa wa Soni
Kwa Lushoto kavu, raba zenye meno zinatosha. Kama soli imelainika kama kigae, hapana.

Mzee wa Marangu
Kwa Mandara ningependa buti nyepesi inayoshika kifundo. Msitu ule una unyevu hata Agosti, na mizizi inateleza. Lakini hapa nisikilizeni: buti iliyotumika ya mtumba inayokukaa vizuri ni bora kuliko buti mpya kabisa uliyonunua wiki ya safari. Nendeni soko la mitumba la Karume asubuhi na soksi nene mlizopanga kuvaa. Vaa, funga kamba, sukuma mguu mbele: nyuma ya kisigino kidole kimoja kipite. Kunja soli kwa mikono, isikunjike kama ndala. Bonyeza pale soli inapoungana na ngozi, kwa sababu buti za zamani gundi hukauka na soli hubanduka yote ukiwa njiani. Mkishazipata, zivaeni kila Jumamosi huko Pugu mpaka siku ya safari, na mabegi yenye uzito ule ule mtakaobeba.

Vingine: begi la kulalia kodini Moshi, maduka yapo mengi. Taa ya kichwani nunueni, kila mtu yake, si taa ya simu, maana usiku wa kwenda chooni mikono yote unaihitaji. Koti la mvua azimeni au nunueni mtumba. Fimbo za kutembelea mnaweza kukodi jozi moja mkagawana, zitawasaidia magoti siku ya kushuka.

Mluguru wa Mjini
Chakula mmesahau. Siku ya kwanza mchana chapati na mayai ya kuchemsha. Njiani karanga, tende, kashata. Kidogo kidogo kila saa, msisubiri njaa.

Binti wa Tabata
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Tumekaa na mdogo wangu jana usiku tukapiga hesabu. Hema zuri, mikeka miwili, jiko na gesi vingekula karibu hela yote, tena kwa vitu ambavyo hatujui kama tutavitumia tena. Kwa hiyo ni Mandara. Hela ya hema inakwenda kwenye mwongozaji na buti. Tutalala Marangu usiku wa kwanza, Mandara wa pili. Uluguru tutakuja, kaka Mluguru, siku ambayo si Nane Nane, tukishajua kama tunaweza baridi. Na Lushoto nitampeleka mama.

Swali la mwisho: begi la kulalia la kukodi nalikaguaje?

Mzee wa Marangu
Marahaba mwanangu, mmechagua vyema. Usilipokee likiwa limekunjwa. Litoe lote, litandike dukani, ingia ndani ukiwa umevaa nguo, funga zipu mpaka shingoni, fungua, funga tena. Zipu ikikwama omba lingine. Lipapase kuanzia juu mpaka miguuni: ukikuta sehemu tupu ambazo manyoya yamehamia pembeni, baridi itapita hapo. Linuse, kwa sababu lenye harufu ya unyevu halikuanikwa tangu mteja wa mwisho. Uliza limetengenezwa kwa baridi ya nyuzi ngapi. Chukua la sifuri au chini yake. Shuka lako la Kimasai lije, ulitandike ndani, ni safi na linaongeza joto. Fanya haya jioni ya kuamkia safari na si asubuhi, ili kama duka la kwanza halina zuri mpate muda wa kwenda la pili.