Mshale wa mizunguko unarukaruka, tena unabaki juu injini ikizimwa (Honda ya zamani, Goma)

piki_ndosho
Jambo wakubwa. Nina Honda ya miaka ya 80, silinda moja, mipigo minne, ile yenye mita mbili: kushoto kilometa, kulia mizunguko ya injini. Kebo ya mizunguko inatokea kwenye kichwa cha silinda. Kebo ni mpya, ina wiki tatu, na niliipaka grisi ya beringi toka chini mpaka juu. Kwenye ralanti (injini ikinguruma polepole bila gesi) mshale unacheza kati ya 1000 na 3000. Nikiongeza gesi unaruka vibaya zaidi. Tangu juzi nikizima injini unabaki karibu na 2500 mpaka nigonge kioo kwa kidole. Batri ni nzima, taa zote zinawaka. Ninunue mita ya umeme, zile zinazouzwa mtaa wa Birere, au hii inatengenezeka?

fundi_katindo
Usinunue kitu bado, mdogo wangu. Mita yako inaendeshwa na kebo, haijui habari ya batri. Waya pekee unaoingia pale ni wa balbu ya kumulika.

Una dalili mbili, na hazitoki mahali pamoja. Mshale unaorukaruka mara nyingi ni kebo: waya wa ndani unakwama kidogo, unajisokota kama springi, halafu unajiachia kwa ghafla. Lakini mshale unaobaki juu injini ikiwa imelala ni shida ya ndani ya mita. Kebo haiwezi kuushika, maana haigusani na mshale. Inazungusha sumaku tu. Karibu na sumaku kuna kikombe chembamba cha alumini, na sumaku ikizunguka inakivuta bila kukigusa. Springi nyembamba kama unywele inakirudisha kwenye sifuri. Injini ikizimwa hakuna mvuto tena, kwa hiyo mshale ukibaki kuna kitu kinanata kwenye kikombe au kwenye mhimili wake.

Kwa maelezo yako kitu hicho ni grisi. Waya wa ndani umesokotwa kama nyuzi za skrubu, na ukizunguka unapandisha grisi polepole hadi kwenye shingo ya mita. Ndiyo sababu sehemu ya juu ya kebo haipakwi kitu.

Fanya hivi. Fungua nati ya duara nyuma ya mita, vuta kebo, angalia tundu kwa tochi. Ukiona weusi unaong'aa, jibu umelipata. Kisha washa injini, iache kwenye ralanti, ushike ncha ya kebo hewani na utazame waya unavyozunguka. Ukizunguka sawasawa, gia ya chini ni nzima. Ukisimama na kuanza, chomoa upande wa chini pia uangalie meno ya gia ndogo na tundu lake la pembe nne.

motari_himbi
Mimi ningepiga tu ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu ndani ya shingo ya mita, dakika tano kazi imekwisha.

fundi_katindo
Hapana kaka, tafadhali usimshauri hivyo. Ile dawa inayeyusha grisi na kuisukuma ndani zaidi, moja kwa moja kwenye kikombe. Baada ya siku mbili mshale utanata kuliko leo. Ikifika kwenye uso wa mita inaweza kuharibu rangi ya namba. Na esanse (petroli ya kawaida ya magari) ni mbaya zaidi, inapasua kioo cha plastiki.

waya_na_masi
Naongeza jambo la Goma hapa. Vumbi letu jeusi la lava lina chembe zinazonaswa na sumaku. Pitisha kipande cha sumaku kwenye mchanga wa barabara yoyote iliyopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, utaona ndevu zinaota. Mita ikiwa na ufa kwenye kioo, au mpira wa shingoni umekauka, chembe hizo zinaingia na kushika kwenye sumaku ya mita, nazo zinakwaruza kikombe. Nafasi iliyopo kati yao ni ndogo sana. Kwa hiyo ukiifungua, usifungulie nje wala karibu na mahali wanaposaga chuma. Tandika kitambaa cheupe mezani.

Tena, kabla ya kufungua, soma uso wa mita chini ya mshale. Nyingi za Kijapani zimeandikwa uwiano kwa herufi ndogo, kama 1:7. Maana yake injini ikizunguka mara 7, kebo inazunguka mara 1. Hapo unaweza kupima mita peke yake: kamata kipande cha waya wa kebo ya zamani chenye ncha nzima, kifunge kwenye drili, ukiingize kwenye tundu la mita. Drili ikienda mizunguko 400 kwa dakika, mshale usome karibu 2800, utulie, na ukiachia urudi sifuri mara moja. Anza polepole. Mshale ukijaribu kushuka chini ya sifuri, unazungusha upande usio wake. Simama, geuza drili.

piki_ndosho
Aksanti sana. Nimefanya. Shingo ya mita imejaa grisi nyeusi. Kwenye ralanti waya unazunguka lakini unasita kidogo kila mzunguko. Uso umeandikwa 1:7. Kebo inapita mbele ya taa, inakata kona kali kabla ya kuingia kwenye mita.

fundi_katindo
Kusita mara moja kila mzunguko ni waya uliopinda, au ni hiyo kona. Toa waya wa ndani, uoshe kwa petroli ya taa (mafuta ya taa, si esanse), ukaushe, uviringishe juu ya kipande cha kioo. Ulionyooka unabiringika kimya. Uliopinda unainuka na kugonga kioo, huo haunyooshwi, badilisha. Tazama pia ncha zake: pembe nne ziwe kali. Kama ni mzima, paka grisi nyepesi kiasi cha punje ya haragwe, theluthi mbili za chini tu, na futa ziada kwa vidole. Sentimeta 15 za juu ziache kavu. Kisha pitisha kebo nyuma ya taa kwa upinde mpana, ugeuze usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, uhakikishe haivutwi.

Mita sasa. Ukingo wa chuma unaoshika kioo umekunjwa. Uinue kwa bisibisi bapa ndogo, kidogo kidogo ukizunguka mita yote. Ukiinua sehemu moja kwa nguvu unapasua kioo. Usiung'oe mshale, maana springi imewekewa mkazo wake kiwandani na ukiurudisha vibaya mita itadanganya daima. Safisha kwa pamba iliyochovywa kwenye alkoli ya famasi, shingo kwanza, kisha ukingo wa kikombe unaoufikia bila kulazimisha. Springi usiiguse kabisa. Mwisho tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa shingo, tone moja kweli. Kunja ukingo tena, ziba kwa silikoni nyembamba.

waya_na_masi
Na ukishindwa ukaamua kuchukua ya umeme, mwulize muuzaji kama inakubali CDI (mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche). Kwenye CDI waya wa koili (ile inayopandisha umeme wa cheche) unabeba mapigo ya volti mia na zaidi. Mita iliyotengenezwa kwa koili ya kawaida ya volti 12 inaweza kuungua hapo hapo. Kama maelekezo yake yanasema kuzungusha waya wa ishara juu ya waya wa buji (plagi ya cheche), fanya hivyo, usikate kitu. Masi (waya wa hasi) ichukue kwenye batri, si kwenye bolti yenye kutu. Ikisoma nusu au mara mbili ya ukweli, tatizo ni mpangilio wa cheche: injini nyingine za mipigo minne zinatoa cheche kila mzunguko, nyingine kila mizunguko miwili. Ikirukaruka, weka buji yenye ukinzani. Kwa NGK tafuta herufi R, yaani DR8EA badala ya D8EA, ikiwa D8EA ndiyo buji ya injini yako.

piki_ndosho
Waya umegonga kioo, umepinda karibu na ncha ya juu. Nabadilisha waya na mita naisafisha leo jioni. Je, ule mpira wa shingoni unapatikana peke yake?

fundi_katindo
Unapatikana kwa kipimo. Nenda na mpira wa zamani mkononi, kwa wauza mipira ya pampu au ya karabureta, ulinganishe unene na duara. Usikubali ulio mnene zaidi, utaibana kebo na mshale utaanza kuruka upya.