Nimwambieje mwalimu wangu kwamba wanafunzi wanamlalamikia?

Kaimu_Idara:
Wadau, shikamooni mlionitangulia. Nimekaimu ukuu wa idara tangu Oktoba. Sasa muhula umekwisha na fomu za wanafunzi za kutathmini wahadhiri ziko mezani kwangu. Mhadhiri mwandamizi mmoja wa takwimu ana wastani wa 2.6 kati ya 5, darasa la mwaka wa kwanza, watu 340. Malalamiko ni yaleyale: anaongea na ubao, sauti haifiki nyuma, na matokeo ya jaribio la kwanza yalitoka siku tatu kabla ya mtihani wa mwisho.

Mzee huyu alinifundisha mimi. Utaratibu unataka nimpe nakala, asaini, iingie kwenye faili. Nikimpa karatasi tu, nitakuwa nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, nimewaonea wale vijana. Ninyi mmefanyaje?

Mhadhiri_Dada:
Kaka, karatasi isitangulie. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuta bahasha: 2.9, saini hapa. Hakuna aliyekaa nami kunieleza 2.9 imetoka wapi. Muhula uliofuata nikalegeza mtihani, alama zangu zikapanda. Ufundishaji wangu ulikuwa uleule, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mstaafu_Kitivo:
Mwanangu, marahaba. Usimwite ofisini kwako, mfuate kwake. Suala la ubao, mwombe kwanza aje akae darasani kwako akukosoe, halafu nawe uombe kukaa kwake. Hatakataa. Suala la majaribio ni jingine kabisa: uliza nani alikuwa anamsaidia kusahihisha. Karatasi 340 kwa mtu mmoja ni nyingi mno.

Na mazungumzo haya usiyachanganye na tathmini ya mwaka ya utendaji kazi wa watumishi wa umma, ile ya mfumo wa OPRAS wa enzi zetu, PEPMIS wa sasa. Akihisi unaandikia faili, atajitetea tu.

Kaimu_Idara:
Asante sana, mzee wangu. Dada, pole, na asante kwa kusema ukweli.

Nimefungua mgawanyo wa kazi wa muhula. Mhadhiri msaidizi aliyepangiwa kumsaidia aliondoka Desemba kwenda kusoma uzamivu. Ruhusa yake nilisaini mimi, na sikumweka mtu mwingine. Mzee hakulalamika hata siku moja, amesahihisha zote peke yake.

Kesho saa nne naenda ofisini kwake. Nitaanza kwa kumwomba radhi kwa hilo. Fomu nitaziacha mezani kwangu.