Kikundi chetu tunataka kurudisha miti eneo la kijiji (Kongwa), tuanze na nini?

Kongwa Mashariki aliandika:

Wakuu habari za humu. Niko wilaya ya Kongwa, Dodoma. Kijijini kwetu tumeunda kikundi, wengi akina mama na vijana wachache, tunataka kulifufua eneo la kijiji ambalo limekwisha kabisa, yaani mvua ikinyesha maji yanashuka mekundu yanabeba udongo wote mpaka korongoni, baada ya wiki huwezi hata kujua kama ilinyesha. Wazee wanasema palikuwa na migunga na mikole ya kutosha, sasa hivi akina mama kuni wanazifuata mbali mno.

Hela tumechanga kidogo ila kikundi kimegawanyika. Kuna wanaosema tununue miche, kuna mwenzetu kasikia mambo ya pamakalcha (kupanga shamba na makazi kwa kufuata asili inavyofanya) anataka tumlipie ile kozi ya masaa 72 apate cheti aje atufundishe, wengine wanasema tuchimbe bwawa. Miaka ya nyuma mradi mmoja ulikuja ukagawa miche, picha zikapigwa, kiangazi cha kwanza tu mbuzi wakala na iliyobaki ikakauka, kwahiyo ukitaja miche watu wanakuangalia tu. Naomba ushauri kwa mtu ambaye kwao imewezekana kweli, sio ya kwenye makaratasi.

Chamwino Kwetu:

Mkuu hiyo hela wekeni pembeni kwanza. Nendeni kwenye eneo mtembee taratibu mkiangalia chini, mtaona vichaka vya magotini vina vichipukizi kumi ishirini vimebanana, mbuzi wanavitafuna kila siku navyo vinachipua kila siku. Ile ni miti. Ilikatwa zamani ila mizizi iko hai na imeshafika chini kwenye unyevu, kitu ambacho mche wa kwenye kiriba itauchukua miaka kukipata, kama utaishi.

Huku Dodoma kuifufua miti hiyo tunaita Kisiki Hai, shirika la LEAD Foundation wameifundisha vijiji vingi sana. Unachagua vichipukizi vitatu mpaka vitano vilivyonyooka na vyenye nguvu, vingine unakata chini kabisa kwa panga kali (panga butu linachana gome, kidonda kinaoza), halafu vile ulivyobakiza unapogolea matawi ya pembeni upande wa chini tu, juu unaacha majani yafanye kazi. Mwisho unafunga kitambaa cha rangi. Hicho kitambaa msikidharau, kinamwambia mpita njia na mchungaji kwamba huu mti una mwenyewe. Na mlivyokata ni kuni tayari, akina mama wanarudi nazo siku hiyo hiyo.

Niger walianza hivi hivi miaka ya 1980 upande wa Maradi, alikuwepo Mwaustralia mmoja anaitwa Tony Rinaudo ambaye miche yake ilikuwa inakufa mpaka akagundua visiki vya mashambani viko hai, na sasa inakadiriwa hekta milioni 5 za kule zina miti tena bila kitalu.

Kwa pale palipobaki upara kabisa chimbeni matuta ya nusu mwezi, si mko karibu na Pembamoto, nendeni mkayaone. Upana wa mita 5 hivi, mdomo unatazama juu mlimani, udongo mnaorundika unakaa upande wa chini, maji yakishuka yananasa humo yanazama. Chimbeni kiangazi na mbegu za nyasi mwagieni mvua zinapokaribia.

Msukuma wa Kishapu:

Nakubaliana na Chamwino Kwetu kwa yote ila mimi naanzia nyuma kidogo. Mradi wenu wa kwanza ulikufa kwa sababu ya mbuzi, mmesema wenyewe, sasa hivyo visiki mbuzi hao hao watavila pia. Kabla ya panga na jembe inatakiwa makubaliano ya malisho, tena wafugaji wakiwemo kwenye kikao na sio wakipelekewa taarifa.

Shinyanga yetu ilifyekwa kuondoa mbung'o na kupisha pamba mpaka ikawa kama jangwa. Serikali ilipoanzisha HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986 wataalamu nao walianza na miche, lakini kilichokuja kubadilisha mambo ni ngitili, kitu cha wazee wetu Wasukuma. Unafunga eneo mvua zinapoanza, ng'ombe haingii, nyasi na miti vinakua, halafu kiangazi kikikaza mnafungua kidogo kidogo, kipande baada ya kipande. Kutoka hekta kama 600 za mwaka 1986 zilifika zaidi ya 300,000 miaka ya 2000 mwanzoni. Mfugaji alikubali kwa sababu na yeye anapata, mwezi wa tisa wengine wanahangaika na yeye ana majani. Na anayevunja anaitwa kwenye dagashida, baraza letu la jadi, mbele ya watu wote, hiyo aibu inauma kuliko faini.

Kwahiyo msiwaambie wafugaji eneo limefungwa. Waambieni linafungwa mpaka lini na likifunguliwa nani anaanza.

Makueni Yetu:

Salamu kutoka Ukambani, Kenya. Mimi naongelea hilo bwawa. Bwawa la wazi mahali penu jua litakunywa maji yote na matope yatajaa. Sisi huku tunajenga mabwawa ya mchanga, ni ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga, robo mpaka asilimia 40 ya ujazo wake ni maji, jua haliyafikii na mbu hawazalii humo. Watu wanafanya kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, kila nyumba inaleta mawe, mchanga na nguvu zake, saruji na fundi ndio pesa inaenda.

Lakini sikiza, lazima chini kuwe na mwamba na mto uwe unabeba mchanga mnene. Maji yako umesema ni mekundu, hiyo ni udongo laini, utajaza ukuta na matope ubaki na ukuta tu. Anzeni juu mlimani na hayo matuta, mashambani chimbeni fanya juu, mtaro unafuata kontua (mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko) na udongo unatupwa upande wa juu. Korongo likianza kuleta mchanga safi ndio muitane na fundi.

Kongwa Mashariki:

Asanteni sana wakuu, nimeshawasomea wenzangu na akina mama wameelewa kitambaa haraka kuliko mimi. Maswali mawili. Mifugo inayotusumbua sana sio yetu, inapita kutoka vijiji vya jirani, hao tunawabanaje? Na huyu mwenzetu wa kozi tumwambieje, ana moyo kweli.

Mama Bustani:

Mwanangu huyo msimkatishe tamaa. Pamakalcha ya akina Mollison na Holmgren, hao Waaustralia waliotoa kitabu chake 1978, ina mambo mazuri, mimi imenisaidia kuangalia maji yanatoka wapi na yanaenda wapi kabla sijapanda kitu. Ila hela ya kikundi isiishie kwenye cheti cha mtu mmoja. Mpeni kazi ya kuanza na nyumba za wanakikundi. Gunia, udongo na samadi, katikati kopo lililotobolewa kichwa na kitako unalijaza kokoto, unajaza udongo pembeni, unalivuta kopo juu unajaza tena mpaka gunia linajaa. Mchicha na sukuma wiki unatoboa pembeni unapanda, maji ya kusuuzia vyombo unamwaga kwenye kokoto. Eneo la kijiji litachukua misimu kadhaa kuonekana, akina mama wanahitaji kitu cha kuchuma wakati wanasubiri, la sivyo vikao vitakosa watu.

Msukuma wa Kishapu:

Kwa mifugo ya nje, faini peke yake haitoshi. Halmashauri ya kijiji iandae sheria ndogo, ipite mkutano mkuu wa kijiji, ipelekwe halmashauri ya wilaya iidhinishwe, bila hivyo mkimshika mtu na ng'ombe wake yeye ndiye atawashtaki nyie. Na humo ndani onyesheni palio la mifugo, yaani njia ya kupitishia mifugo, kwa upana unaotosha kweli, mpaka kwenye maji. Ukiziba njia ya ng'ombe kwenda kunywa atapita popote. Waalikeni viongozi wa vijiji jirani mkiwa mnalipima hilo palio, watembee nanyi kwa miguu mwanzo mpaka mwisho, na wazee wa wafugaji wao wawepo.

Chamwino Kwetu:

Hapo umemaliza mkuu. Kongwa, visiki anzeni sasa kwenye mashamba yenu wenyewe wakati sheria inasubiri kuidhinishwa, hapo hamuhitaji kibali cha mtu.

Kongwa Mashariki:

Jumamosi tunaanza na shamba la mwenyekiti. Vitambaa akina mama wanachana kanga kuukuu.