Misitu ya vijiji Kilwa na Liwale: tuendelee kuvuna mpingo na mninga, au tuifunge?

Mwanzisha mada
Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu wake, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Wapo wanaosema uvunaji wote usimame mpaka mpingo upumue. Leteni hoja zenye vipimo.

Afisa misitu
Napinga kufunga. Adui mkubwa wa misitu ya Lindi, mkoa zilimo Kilwa na Liwale, ni shamba la ufuta. Mvunaji halali huchagua miti michache. Mkulima wa ufuta hufyeka yote, huchoma, na udongo ukichoka husogea mbele. Msitu usioingiza hata shilingi kijijini hauna wa kuutetea kwenye mkutano mkuu siku watu wakiomba ekari za kufyeka.

Ila hatua zisirukwe. Kwanza mpango wa matumizi bora ya ardhi, mipaka ikiwekwa kijiji jirani kikiwepo. Halafu kamati ya maliasili, tathmini ya miti, ndipo sheria ndogo zipitishwe na halmashauri ya wilaya. Shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mpingo usiofika kipenyo cha sentimita 24 hauguswi. Hapa wengi hukosea: utepe wa kawaida unasoma mzingo. Kipenyo cha 24 ni mzingo wa takriban 75. Mpingo wenye mzingo wa 24 ni kijiti cha kipenyo kisichofika 8, na nchi nzima inapoteza mti ambao ungesubiriwa na wajukuu.

Mtetezi wa kufunga
Ndugu Afisa, vipimo nakubali, lakini havisemi kilichomo ndani ya shina. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa, na mingi ina nyufa au tundu katikati. Gogo la mita 2 lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mita za ujazo 0.14. Kwa kutengeneza ala za muziki kama klarineti au zumari hubaki chini ya sehemu moja ya kumi, yaani pungufu ya 0.014. Mvunaji akiangusha mti akakuta tundu, anauacha palepale na kuhamia mwingine. Huo ulioachwa unaandikwa wapi? Kama hauandikwi, kiwango cha kuvuna kwa mwaka kilicho kwenye mpango ni karatasi tu.

Fundi mbao
Hapo umesema kweli, ndugu yangu, na dawa yake ipo. Gonga shina kwa kisigino cha shoka kabla ya kukata: lililo wazi ndani linaitika kama ngoma. Mkataba useme mnunuzi analipia kila mti ulioanguka, mzima au mbovu. Akilipia atagonga mwenyewe. Kata karibu na ardhi, maana kisiki kirefu ni mpingo mweusi ulioachwa uungue. Ncha za gogo zipakwe nta siku hiyohiyo, la sivyo zinakauka kabla ya kiini na gogo linapasuka.

Na tuache kupasua mninga kwa msumeno wa mnyororo. Kila mkato unakula karibu milimita 8. Msumeno wa mkanda unakula kama 2. Ukitoa mbao kumi za inchi moja kwenye gogo moja, kwa tofauti hiyo umegeuza vumbi unene wa mbao mbili nzima.

Mtetezi wa kufunga
Nakubali kuhusu malipo. Bado nataka maeneo yenye miti mama, ile ya kutoa mbegu, yafungwe kabisa.

Mchangiaji kutoka Kenya
Kwetu zuio la kuvuna misitu la Februari 2018 lilitangazwa kwa siku 90, likadumu hadi Julai 2023. Viwanda vya mbao vilifungwa, na mbao zikanunuliwa nje, Tanzania ikiwemo. Mkifunga, semeni mapema mbao zitatoka msitu gani.

Afisa misitu
Miti mama ibaki, naunga mkono. Lakini hata ukifunga, moto wa Septemba na Oktoba utaendelea. Nyasi zimekauka, mwali unapanda juu, miche inaungua hadi ardhini. Mpingo huchipua tena mizizini, ila ukiungua kila mwaka haupati nafasi ya kurefuka, na ulio mkubwa hupata jeraha shinani, uozo ukaingia: ndiyo matundu mliyotaja. Kamati ichome mapema, Mei hadi Julai, nyasi zikiwa na ubichi, vipande vipande, jioni upepo ukitulia.

Fundi mbao
Na nyundo ya kugongea magogo alama? Isikae nyumbani kwa mtu mmoja. Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti wa kamati, wa pili kwa mtendaji. Kisiki kigongwe alama na gogo ligongwe alama, namba ileile iandikwe kwenye hati ya usafirishaji. Gogo lisilo na kisiki chake lisipite kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani.