Naomba ushauri: je, vifaa hivi vya mazoezi ya nyumbani hukaza mikono kweli?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu kile chuma kifupi chenye springi ndani, kinachotikiswa kwa dakika chache kila siku, ambacho matangazo yanadai kwamba huondoa nyama inayoning'inia nyuma ya mkono wa mwanamke. Nimekitumia kwa wiki 5 bila kukosa. Kiganja huchoka kabla ya mkono wenyewe, bega linawaka moto, lakini ninapoinua mikono kufunga nywele mbele ya kioo, nyama ile bado inacheza vilevile.

Ninavyoelewa, mafuta hayapungui pale tu panapofanyiwa mazoezi, bali mwili huyatoa sehemu mbalimbali. Na msuli wa nyuma ya mkono, ambao ni mkubwa kuliko ule wa mbele, hukua unapoongezewa mzigo hatua kwa hatua, ilhali kifaa changu kina kilo 1 na kidogo, leo na kesho. (Yule dada wa kwenye tangazo, nadhani, alikuwa na mikono ile kabla hajakishika.)

Je, kuna aliyekitumia akaona tofauti, au niachane nacho nianze pushapu za kuegemea ukuta na vyuma vinavyoongezeka uzito? Waliowahi kuumwa kiwiko pia wanieleze walifanyaje, kwa sababu changu kimeanza kulalamika.