Kodi ya jengo kwenye LUKU: wapangaji Gungu, nani abebe 1,500?

Mpangaji_Gungu:
Habari wakuu. Nyumba ya kawaida hapa Gungu, Kigoma, ina wapangaji watatu na mita mbili. Kila mwezi, tukinunua umeme wa LUKU (wa kulipia kabla), kila mita inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Mama mwenye nyumba anasema hayo ni mambo ya umeme, tumalizane wenyewe. Ni sawa? Diwani anaweza kutupunguzia?

Fundi_Mita:
Si mambo ya umeme. Ukinunua 5,000, kwanza inatoka 1,500 ya jengo, inabaki 3,500. Humo mna VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, kwa hiyo uniti moja ya bei ya 292 inakufikia kwa takriban 356. Unapata uniti 9.8 badala ya 14. Na msidhani kutonunua kunasaidia: miezi mitatu ikipita, 4,500 inakungoja.

Mwanasheria_Ujiji:
Mdaiwa ni mwenye nyumba, mpangaji anapitishiwa tu. Tunzeni ujumbe wa kila manunuzi, jumlisheni, mkate kwenye kodi ya pango. Ila mkubaliane kwanza na mama huyo kwa maandishi. Mkikata kimyakimya atawahesabia mna deni la pango, na hapo ndipo watu wanapotolewa vyombo nje.

Kodi kukatwa kwenye mita mbili za nyumba moja isiyo ghorofa ni kosa la usajili, inapaswa kukaa kwenye mita moja. Mwenye nyumba apeleke TRA (mamlaka ya mapato) namba za mita zote mbili na barua ya mtendaji wa mtaa. Msamaha wa kodi hii kwa wenye miaka 60 msiutegemee, unamfaa mzee mwenye nyumba anayeishi mwenyewe kwenye nyumba hiyo.

Kigoma_Bajeti:
Kuhusu diwani, hapana. Kiwango kimo kwenye Sheria ya Fedha: 2021 kilikuwa 1,000 kwa mwezi, 2023 Bunge likapandisha hadi 1,500. Baraza liwe la CCM au la ACT-Wazalendo, kama lililochaguliwa Kigoma Ujiji 2015, haliwezi kukigusa. Mlango uko Dodoma mwezi Juni, Kamati ya Bajeti inapopokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, maana kabla ya Julai mosi unakuwa umeshapita. Mpeni mbunge hoja moja iliyoandikwa: kodi isikatwe kwenye mita ya mpangaji bila mwenye nyumba kusaini. Hiyo hata wabunge wa vyama tofauti wanaweza kuiunga mkono, kwa sababu Serikali haipotezi shilingi. Kuomba kiwango kishuke ni vita nyingine kabisa.