Kompyuta ya gemu kwa milioni moja na nusu, Mbeya: desktopu ya ofisi, 5600G, au Ryzen 5 5600 na RX 6600?

Mdau_Uyole

Habari za jioni wakuu. Nina shilingi 1,500,000 za kasha na vya ndani yake tu. Kioo cha 1080p, kibodi na mausi vipo. Magemu ni Valorant, EA Sports FC, GTA V na Counter-Strike 2 siku mojamoja. Nipo Uyole, kwa hiyo vifaa vingi vitatoka Kariakoo kwa basi. Nimebaki na njia tatu:

1. Desktopu ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye i5 ya kizazi cha 7 au 8, halafu naongeza kadi ndogo ya grafiki.
2. Ryzen 5 5600G (prosesa yenye grafiki ndani) bila kadi, RAM 16GB, kadi mwakani Mungu akipenda.
3. Ryzen 5 5600 (prosesa isiyo na grafiki) na kadi ya grafiki RX 6600 ya mtumba, vingine vyote vya bei ya chini.

Ipi inalipa, na wapi nitapigwa?

Fundi_Soweto

Nianze na namba 1, maana ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu. Mashine zenyewe ni imara, hilo sibishi. Shida ni kwamba zimejengwa kwa vipimo vya kampuni. Fungua OptiPlex nyingi za miaka hiyo: pawa saplai haina plagi ya pini 24 unayoijua, ina plagi yake, na mazabodi inaidai hiyohiyo. Ikiungua huendi sokoni Mwanjelwa ukachukua yoyote ukafunga. Unasaka ileile, au unaungaunga adapta.

Pia pawa saplai hizo mara nyingi hazina waya wa kadi, ule wa pini 6 au 8. Kadi inabaki kula kwenye sloti peke yake, na sloti inatoa wati 75, basi. Hapo unabaki na GTX 1650 isiyo na plagi (zipo zenye pini 6, tazama ukingo wa juu wa kadi kabla hujatoa hela) au RTX 3050 ya 6GB inayokula wati 70. RTX 3050 ya 8GB ni kitu kingine kabisa, wati 130. Jina moja, tumbo tofauti.

Kama kasha ni lile jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Pima kwa rula: ukiona sloti ina upana wa sentimita 8 hivi kutoka bodi hadi kifuniko, unahitaji kadi fupi yenye bamba fupi, na bei yake ni juu.

Usichukue RX 6400 wala RX 6500 XT kwa njia hii. Zinaongea na mazabodi kwa njia 4 tu za PCIe (njia za data za sloti ya kadi). Kwenye bodi mpya za PCIe 4.0 zinapumua, kwenye hizi za PCIe 3.0 zinakabwa, hasa 4GB za kadi zikijaa na data ikaanza kupita kwenye RAM.

Kamwene_Njombe

Ongezea hapo: kizazi cha 7 hakimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilimaliza msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Na Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (vilinzi vya usalama vya mashine) viwe vimewashwa. Kizazi cha 8 kinapita. Tena i5-8500 ina viini 6, wakati i5-7500 ina viini 4 na nyuzi 4 tu. Gemu za sasa zinaiweka kwenye asilimia 100 na picha inaanza kukatakata hata kadi ikiwa nzuri.

Sasa mimi natetea namba 2. Watu wanaidharau 5600G kwa sababu wanaifunga vibaya. Vega 7, grafiki iliyomo ndani yake, haina kumbukumbu yake, inaazima RAM. Ukiweka RAM moja ya 16GB umeinyima nusu ya barabara. Weka mbili za 8GB, DDR4 ya 3200, kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa (bodi yenye sloti mbili jaza zote). Ingia BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe), washa XMP, inayoipa RAM kasi yake kamili. Kwenye bodi za ASUS utaikuta imeandikwa DOCP. Bila hiyo RAM ya 3200 inatembea 2133, 2400 au 2666 na hakuna atakayekuambia. Kisha tenga 2GB za video humohumo BIOS. Hapo Valorant inacheza vizuri 1080p, CS2 na GTA V shusha mipangilio, EA Sports FC shusha na azimio pia.

Fundi_Soweto

@Kamwene_Njombe sawa, lakini mwambie na upande wa pili. Siku akinunua kadi, 5600G itakuwa nyuma ya 5600. Kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni 16MB dhidi ya 32MB, na PCIe yake ni 3.0 hata ukiiweka kwenye bodi ya B550 yenye 4.0. Gemu zinapenda kashe. Analipia grafiki ambayo mwakani hataitumia.

Kamwene_Njombe

Ataitumia siku kadi imekufa. 5600 haina grafiki kabisa. Kadi ikizima una boksi lenye feni zinazozunguka na kioo cheusi, na kadi nyingine iko Dar, kilomita mia nane na kitu. Mwenye 5600G anahamisha waya wa HDMI kwenda kwenye bodi na maisha yanaendelea.

Fundi_Soweto

Hoja hiyo naikubali, ila dawa yake ni rahisi kuliko kununua prosesa nyingine: kadi ya GT 710 ya mtumba ikae kabatini. Haichezi kitu, inaonyesha picha tu, na inakusaidia kujua kilichokufa ni kadi au bodi.

MamaPini24

Mnabishana prosesa, mdau ameandika "vingine vyote vya bei ya chini" na hakuna aliyemshika mkono. Kaka, hapo ndipo utakapopigwa.

Kasha linalokuja na pawa saplai yake ndani huwa limeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Igeuze usome jedwali dogo la ubavuni, mstari wa 12V. Nyingi utakuta 18A. Volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Hizo 500 ni hesabu ya karatasi.

Sasa piga ya kwako. RX 6600 inakula wati 132. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65 lakini ikibanwa inafika 76. Jumla 208, na prosesa na kadi vyote vinakula kwenye huohuo mstari wa 12V. Zimebaki wati 8 za feni na vingine vyote, wakati kadi yenyewe inaruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde kadhaa kila tukio zito likija. Matokeo yake mashine inazima ghafla katikati ya mechi, unawaka hasira na Windows, unapiga Windows upya, inazima tena. Pawa saplai ikifika mwisho wake inaondoka na bodi.

Tafuta ya wati 550 yenye 80 Plus Bronze (cheti cha ufanisi), mstari wa 12V usomeke ampea 40 au zaidi, na waya wa pini 6+2 utoke ndani ya pawa saplai yenyewe. Ukiona unauziwa kiunganishi cha kugeuza molex (plagi ya zamani ya pini 4) kuwa pini 8, umeshaambiwa kwamba pawa saplai haifai. Pawa saplai inunuliwe mpya. Kadi mtumba sawa, prosesa mtumba sawa, kasha hata likiwa na kutu sawa.

Mdau_Uyole

Dada nimekupata. Na stabilaiza je? Umeme wa huku unacheza, na masika radi ndiyo usiseme.

MamaPini24

Stabilaiza inasaidia umeme unaopanda na kushuka polepole. Radi haizuii. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu yakifunga, chomoa plagi ukutani, na chomoa waya wa mtandao pia, kwa sababu radi inaingilia hata kwenye ruta.

UPS (boksi la betri la kushika umeme ukikatika): soma wati, acha VA. Ya 650VA mara nyingi ni wati 360 hivi, inatosha mashine hii na kioo kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Ila UPS za bei ndogo hazitoi wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai nzuri hazilipendi, zinazima palepale umeme unapokatika. Jaribu ukiwa bado na risiti: washa gemu, chomoa UPS ukutani, uone.

Kitu kimoja watu hawakitazami ni ethi, waya wa kwenda ardhini. Ukigusa chuma cha kasha kwa nyuma ya vidole ukasikia mtetemo mwembamba, kama sisimizi, nyumba haina ethi au ekstensheni yako ina tundu la tatu la urembo. Kwenye pawa saplai kuna kapasita mbili za kuchuja umeme zinazoegemea ethi. Ethi isipokuwepo, kasha linakaa kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115. Ampea zake ni ndogo sana, haikuui, lakini ukichomeka HDMI kwenye TV iliyounganishwa na dishi huku vyote vimewashwa, cheche hiyo ndogo inatosha kuua tundu la HDMI la kadi. Mwite fundi umeme apime fimbo ya ethi. Kabla hajaja, unganisha nyaya zote kwanza ndipo uwashe.

Kihesa_Juu

Nipo Iringa, na mimi nasema 3. Swali dogo: huku juu si hewa nyepesi? Nimeona mtu anashauri kipozaji cha maji.

Fundi_Soweto

Mbeya iko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, yaani feni inasukuma hewa pungufu kwa asilimia 17 au 18. Lakini hewa yenyewe ni baridi kwa nyuzi nyingi kuliko ya Dar, unapata faida. Feni inayokuja na 5600 kwenye boksi inatosha. Hela ya maji ipeleke kwenye SSD.

Kinachoua feni Iringa ni vumbi la kiangazi. Kila miezi mitatu ipulize, na ushike mapanga yake kwa kidole yasizunguke.

Mwanafunzi_Iyunga

Nyongeza ya prosesa ya mtumba: AM4 (soketi ya prosesa hizi) ina pini chini ya prosesa, na pesti ya joto ikikauka inagandisha feni. Ukivuta wima, prosesa inang'oka pamoja na feni huku soketi bado imefungwa, pini zinalala. Washa mashine dakika kumi ipate joto, zima, chomoa, kisha zungusha feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Pini iliyolala inanyooshwa kwa penseli ya kubonyeza, ile isiyo na risasi ndani: ivalishe pini kwenye ncha na uirudishe taratibu.

Feni ya boksi inafungwa kwa skrubu nne, kwa hiyo unatoa zile plastiki mbili za bodi. Ukizitoa, bamba la nyuma linaanguka. Lishike kwa mkono mwingine.

Kamwene_Njombe

Naona nimeshindwa kura. Basi kwa namba 3, ukiletewa RX 6600 ya mtumba:

Fungua GPU-Z, programu ya kuitambua kadi. Isomeke shader (viini vidogo vya grafiki) 1792, 8GB, GDDR6. Programu hiyo ikiweka neno FAKE mbele ya jina, rudisha palepale. Kisha FurMark, programu ya kuibana kadi, dakika 15, ukiangalia nukta za rangi na mistari kwenye kioo. Zikitokea, kumbukumbu ya kadi imechoka. Sikiliza feni zote mbili. Ukiikosa 6600, chukua GTX 1660 Super, 6GB na wati 125. RX 580 ni wati 185, na nyingi mtaani ni zile za 2048SP ambazo ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Halisi ina shader 2304.

Bodi: B450 inatosha, RX 6600 ina njia 8 na kwenye PCIe 3.0 inapoteza kidogo tu. Lakini B450 iliyokaa dukani yenye BIOS ya zamani haiitambui 5600, inawaka bila picha. Mwambie muuzaji aipandishe BIOS na akutumie picha ya skrini ikisoma jina la prosesa yako, kabla ya kupakia.

RAM nunua kwanza. Bei zimepanda tangu mwishoni mwa 2025 na ndiyo itakayovuruga bajeti yako, si kadi.

Fundi_Soweto

Na vifaa visije vimeshaunganishwa kuwa mashine nzima. Kadi ikining'inia kwenye sloti kutoka Dar, ikipanda mlima Kitonga ndani ya buti la basi na magunia juu yake, inafika imepasua sloti. Kila kitu kwenye boksi lake, na maboksi ndani ya boksi kubwa lenye magazeti yaliyobanwa. Yakifika asubuhi ya Juni au Julai, yaache yamefungwa kwa muda wa saa mbili ndani ya chumba kwanza; chuma baridi kikiingia chumba chenye jiko kinatoa jasho.

Mdau_Uyole

Nimeandika hivi: 5600 ya boksi, B450M, 2x8GB 3200, RX 6600 mtumba, pawa 550 Bronze mpya, NVMe (SSD ya kuchomeka kwenye bodi) 500GB, kasha lolote. Umeme nitakula kiasi gani?

MamaPini24

Ukutani utaona kama wati 250 ukiwa ndani ya gemu. Ukicheza saa nne ni yuniti moja ya LUKU, kila siku ni yuniti 30 kwa mwezi. Kama nyumba iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la mwisho yuniti 75, kaa na mwenye nyumba mapema, maana utawatoa huko na bei ya kila yuniti itapanda kwa wote.

Punguza fremu ziendane na kioo chako. Kioo cha 75Hz hakionyeshi fremu 200, unapasha joto chumba tu.

Mwanafunzi_Iyunga

Hiyo NVMe, hakikisha bodi imekuja na kiskrubu chake kidogo na kile kiguzo chini yake. Bodi za mtumba huwa havipo, na SSD inasimama wima kama mlango ulioachwa wazi. Muulize muuzaji leo kabla hujatuma hela.